Jitengenezee ISO yako ya Linux inayobuti, mwanzo mwisho kwa terminali

Wengi tunaijua Linux ya fleshi kwa njia moja, unadaunlodi ISO ya watu (faili moja lililobeba CD nzima ya kuwashia mashine), unaichoma kwenye fleshi, unawasha mashine basi. Inafanya kazi sikatai. Ila ISO ya watu ina mambo ya watu, imejaa programu za ofisi na magemu na lugha za dunia nzima wakati wewe shida yako ni kuokoa mafaili kwenye laptopu ya mteja iliyogoma kuwaka, halafu zile zana unazozihitaji kweli hazimo, unaanza kuzivuta kwa bando lako pale pale mteja amekukodolea macho. Ndo maana nasema kila fundi, na kila anayesimamia chumba cha kompyuta shuleni au ofisini, ajue kujitengenezea ya kwake. Vitu vyote ni vya bure, komandi zenyewe ni kama thelathini hivi, na ukishaelewa kila moja inafanya nini unaibadilisha utakavyo.

Hapa natumia Debian 13, ile yenye jina trixie iliyotoka Agosti 2025. Kompyuta ya kutengenezea iwe na Debian au Ubuntu, na uwe na nafasi kama GB 10 hivi kwenye diski. Fanyia kwenye folda yako ya home, usifanyie kwenye fleshi au eksteno yenye NTFS au exFAT (fomati za Windows), debootstrap (zana itakayotujengea mfumo) itakataa au itakwama katikati kwa sababu kule hakuna ruhusa za mafaili za Linux.

Kabla ya komandi elewa kwanza kilichomo ndani ya ISO ya aina hii, maana ukielewa hapa hata ikigoma utajua pa kushika. Kuna vitu vitatu. Cha kwanza butiloda, yaani GRUB, ndo inayoamshwa na BIOS au UEFI (programu ya ndani ya mashine inayoamka kwanza, BIOS ni ya zamani, UEFI ya kisasa) mashine ikiwaka. Cha pili ni keneli (kiini cha Linux) na mwenzake initrd, hii initrd ni kamfumo kadogo kanakoamka kwenye ramu na kazi yake ni kwenda kutafuta mfumo wenyewe uko wapi. Cha tatu ndo mfumo wenyewe, folda zote za Linux zimebanwa kwenye faili moja la squashfs ambalo linasomwa tu haliandikwi. Sasa utajiuliza kama haliandikwi mbona ukiwasha unaweza kuunda mafaili na hata kuinstoli programu? Ni overlayfs hiyo, inatandaza tabaka la ramu juu ya squashfs kama nailoni ngumu juu ya ramani ya ukutani, unachora juu ya nailoni, chini ramani haiguswi, ukizima mashine nailoni imetupwa.

Haya, vuta zana:

```
sudo apt install debootstrap squashfs-tools xorriso mtools \
  grub-common grub-pc-bin grub-efi-amd64-bin qemu-system-x86 ovmf
```

Ukiwa Ubuntu ongeza na debian-archive-keyring ili iweze kuhakiki saini za Debian. Na tafadhali soma hayo majina ya grub kwa makini, yana -bin mwishoni. Ukiandika grub-pc bila -bin kwenye mashine inayotumia UEFI, apt itataka kuiondoa ile GRUB ya UEFI inayobutisha kompyuta yako wewe mwenyewe, na watu huwa wanabonyeza Y bila kusoma.

Sasa tunajenga mfumo:

```
mkdir -p ~/okoa/picha/live ~/okoa/picha/boot/grub
cd ~/okoa
sudo debootstrap --variant=minbase --arch=amd64 \
  --components=main,non-free-firmware \
  trixie mfumo http://deb.debian.org/debian
```

Folda nimeziita kwa majina yetu, `mfumo` ni pale Linux inapojengwa na `picha` ni kile kitakachoingia kwenye ISO. minbase maana yake nipe kile cha lazima tu. Hiyo non-free-firmware usiiache, tangu Debian 12 faimwea za kadi za waifai zimetengewa sehemu yake, ukiisahau utabuti vizuri kabisa ila laptopu nyingi hazitaona waifai.

Kwa tunaonunua bando kuna kitu hapa cha kukusaidia sana. Ukipanga kujenga zaidi ya mara moja, na utajenga zaidi ya mara moja maana kila siku utakumbuka zana nyingine, basi instoli apt-cacher-ng kwanza. Inakaa kwenye kompyuta yako na kutunza kila pakeji iliyowahi kupita, mara ya pili hazivutwi tena kutoka intaneti. Komandi ya juu unaianzisha hivi tu:

```
sudo env http_proxy=http://127.0.0.1:3142 debootstrap ...
```

na ukishaingia ndani ya mfumo unaandika `export http_proxy=http://127.0.0.1:3142` kabla ya apt. Kwa njia hii anwani ya kashe yako haiandikwi popote ndani ya ISO, ukiipeleka kwenye mashine nyingine apt itaenda Debian moja kwa moja.

Tunaingia ndani:

```
sudo mount --bind /dev mfumo/dev
sudo mount -t proc proc mfumo/proc
sudo mount -t sysfs sysfs mfumo/sys
sudo chroot mfumo /bin/bash
```

Kuanzia hapo kila unachoandika kinafanyika ndani ya `mfumo`, sio kwenye kompyuta yako. Endelea:

```
export LC_ALL=C
echo okoa > /etc/hostname
apt update
apt install --no-install-recommends linux-image-amd64 live-boot systemd-sysv
apt install --no-install-recommends network-manager wpasupplicant \
  firmware-iwlwifi firmware-realtek iproute2 nano less rsync parted \
  ntfs-3g exfatprogs gddrescue testdisk smartmontools
passwd root
```

Mstari wa kwanza wa instoli ndo roho ya kazi yote. live-boot ndo inayoifundisha initrd kutafuta squashfs kwenye CD au fleshi, bila hiyo initrd itakuwa ya kawaida, itatafuta diski iliyoinstoliwa na haitaiona. systemd-sysv inahitajika kwa sababu minbase haiji na kitu cha kuanzisha mfumo.

Mstari wa pili ni orodha yangu ya kazi za uokoaji, ya kwako itakuwa tofauti. Ila nizungumzie gddrescue kidogo maana naona watu wanaumia bure. Diski ikianza kufa, inatoa sauti au inasoma kwa kusuasua, usiifungue ukaanza kukopi folda mojamoja, kila dakika unayoisumbua inazidi kufa. Pakeji inaitwa gddrescue ila komandi yake ni `ddrescue`, inakopi diski nzima kwenda kwenye faili au diski nyingine, inachukua kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi na zile mbovu inaziachia mwisho, na ukiipa faili la ramani inakumbuka ilipofika, hata umeme ukikatika unaendelea palepale. Baada ya hapo ndo unaleta testdisk na photorec (zote ziko kwenye pakeji moja) juu ya hiyo kopi, diski ya mteja unaiweka pembeni. smartmontools ina `smartctl`, ya kukagua afya ya diski kabla hujamwahidi mtu chochote. Anayetaka kutengeneza ISO ya shule ataweka desktopu na programu za kuandikia badala ya hizi, utaratibu ni uleule.

apt ikilalamika kwamba haiwezi kuandika logi kwa sababu ya /dev/pts, achana nayo haina madhara. Ikisema haiwezi kupata deb.debian.org, angalia /etc/resolv.conf (faili la anwani za DNS) ya humo ndani.

Ukimaliza fanya usafi utoke:

```
apt clean
rm -rf /var/lib/apt/lists/*
truncate -s 0 /etc/machine-id
exit
```

Hiyo machine-id tunaiacha tupu ili kila mashine itakayobuti ipate namba yake, vinginevyo mashine zote za chumba kizima zitakuwa na kitambulisho kimoja na hapo usishangae kompyuta mbili zikigombania IP moja.

Sasa hapa simama kidogo.

```
sudo umount mfumo/dev mfumo/proc mfumo/sys
```

Hii si ya kuruka. Ukibana mfumo wakati proc bado iko ndani mksquashfs itaanza kumeza mafaili yasiyo ya kweli ya keneli yako na haitaisha. Mbaya zaidi, ukija kufuta folda ya `mfumo` kwa rm -rf wakati dev bado imeungwa, unafuta /dev ya kompyuta yako mwenyewe. Kila ukitaka kufuta andika kwanza `mount | grep okoa`, isipoleta kitu ndo ufute.

Kubana na kupanga:

```
sudo mksquashfs mfumo picha/live/filesystem.squashfs -comp xz -b 1M -e boot
sudo cp mfumo/boot/vmlinuz-* picha/live/vmlinuz
sudo cp mfumo/boot/initrd.img-* picha/live/initrd
```

`-e boot` ikae mwisho kabisa wa komandi kwa sababu kila kinachoifuata inakihesabu kuwa ni cha kuachwa nje. xz inabana sana lakini inachukua muda na mashine ya zamani itachelewa kidogo kufungua, ukiona ukubwa sio tatizo weka `-comp zstd`, mi kwa laptopu za mtumba napendelea hiyo zstd maana programu zinafunguka haraka zaidi. Ukirudia kubana futa kwanza faili la zamani la squashfs, usipofuta mksquashfs itaongezea vitu juu ya lililopo.

Kisha menyu, fungua `sudo nano picha/boot/grub/grub.cfg` uweke:

```
set default=0
set timeout=8
insmod all_video

menuentry "Okoa" {
    linux /live/vmlinuz boot=live
    initrd /live/initrd
}
menuentry "Okoa, yote kwenye ramu" {
    linux /live/vmlinuz boot=live toram
    initrd /live/initrd
}
menuentry "Okoa, skrini ikigoma" {
    linux /live/vmlinuz boot=live nomodeset
    initrd /live/initrd
}
```

`boot=live` ndo inayoiamsha live-boot. Hiyo ya toram inapakia squashfs yote kwenye ramu halafu unachomoa fleshi, yaani kwa fleshi moja unawasha mashine hii unahamia ile, ramu tu iwe inatosha. Sijaweka neno quiet makusudi, kwenye kazi ya uokoaji unataka kuona kila kinachoandikwa kwenye skrini.

Na ISO yenyewe:

```
sudo grub-mkrescue -o okoa.iso picha -- -volid OKOA
```

Mstari mmoja, ila ndani yake kuna kazi kubwa na ni vizuri kuijua. Zamani CD haikuwa inabuti yenyewe, mpaka mwaka 1995 IBM na Phoenix walipotoa maelezo yanayoitwa El Torito, ambayo yanaweka ndani ya CD katalogi inayoiambia BIOS programu ya kuwashia iko wapi. Fleshi haifuati El Torito, yenyewe mashine inaichukulia kama diski, inasoma sekta ya kwanza kabisa kutafuta MBR, yaani rekodi ya kuwashia. Sasa mbona ISO hiyohiyo inabuti kote kuwili? Jibu liko kwenye ISO 9660 yenyewe, sekta 16 za mwanzo zenye baiti 2048 kila moja, jumla baiti 32,768, ziliachwa wazi bila matumizi. Wajanja wakaona nafasi, wakaweka MBR na jedwali la patisheni humo. Kwa hiyo CD ikisomwa inaanzia sekta ya 16 na kuona ISO ya kawaida, fleshi ikisomwa inaanzia sifuri na kuona diski. grub-mkrescue inayapanga yote hayo kwa kumtuma xorriso (programu ya kuandika ISO), pamoja na kakipande ka FAT kenye faili la EFI kwa ajili ya UEFI.

Kwa sababu inafanya mengi kimyakimya, inaweza pia kuacha kitu kimyakimya. Kama grub-efi-amd64-bin haipo haikwambii chochote, inatengeneza ISO ya BIOS peke yake, na wewe utagundua mbele ya laptopu mpya. Kwa hiyo kagua:

```
xorriso -indev okoa.iso -report_el_torito plain
```

Lazima uone mstari wenye BIOS na mwingine wenye UEFI. Ukikosa mmoja angalia `ls /usr/lib/grub`, ziwepo i386-pc na x86_64-efi. Kuna vitableti na vilaptopu vidogo vya bei rahisi ambavyo UEFI yake ni ya biti 32 hata kama prosesa ni ya 64, ukikutana navyo sana ongeza grub-efi-ia32-bin kwenye kompyuta yako urudie mstari wa grub-mkrescue. Na ikikupa kosa linalotaja mformat, hujainstoli mtools.

Usikimbilie fleshi, jaribu kwanza ndani ya QEMU (kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yako), mara tatu kwa sura tatu:

```
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2G -cdrom okoa.iso
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2G -drive file=okoa.iso,format=raw
qemu-system-x86_64 -enable-kvm -m 2G -bios /usr/share/ovmf/OVMF.fd -cdrom okoa.iso
```

Ya kwanza ni kama CD, ya pili kama fleshi, ya tatu kama mashine ya UEFI. Ikigoma soma skrini. Ukiona "No root device specified" basi ama umesahau boot=live kwenye menyu ama initrd ilitengenezwa bila live-boot, rudi ndani ya chroot uinstoli kisha `update-initramfs -u` na ukopi initrd upya. Ukiona "Unable to find a medium containing a live file system" hapo live-boot ipo inatafuta ila haioni faili, mara nyingi ni folda, lazima iitwe `live` na ikae juu kabisa ndani ya `picha`.

Zote tatu zikiwaka sasa chomeka fleshi uitambue:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,TRAN
```

Fleshi itaonyesha usb kwenye safu ya TRAN. Hapa ndipo watu hufuta diski zao, kwa hiyo soma ukubwa na modeli, chomoa na uchomeke tena uone ipi inapotea na kurudi. Andika kwenye kifaa kizima, /dev/sdb mfano, sio /dev/sdb1, na ujue kila kilichokuwemo kwenye hiyo fleshi kinaondoka, badala ya X weka herufi ya fleshi yako:

```
sudo dd if=okoa.iso of=/dev/sdX bs=4M conv=fsync status=progress
```

Ikiisha chomoa fleshi, chomeka tena, halafu:

```
sudo cmp -n $(stat -c %s okoa.iso) okoa.iso /dev/sdX
```

Ikikaa kimya imeandikwa sawasawa. Ikitaja baiti fulani zinatofautiana andika upya, na ikirudia basi hiyo fleshi ni mbovu au feki, zimejaa mitaani zinazojiita GB 64, usiiamini na data ya mtu.

Mashine mpya zikikataa kuibuti angalia Secure Boot, ule ulinzi wa UEFI unaokataa butiloda isiyo na saini. GRUB tuliyotengeneza haina saini inayotambuliwa, kwa hiyo inabidi uizime kwenye mipangilio ya faimwea. Tahadhari moja, kama Windows ya humo imefungwa kwa BitLocker (kufuli la diski la Windows), kuzima Secure Boot kunaweza kuifanya idai ufunguo wa kurejesha, muulize mwenye mashine kama anao kabla hujagusa.

Kwa upande mwingine kuna zile za zamani sana zenye prosesa ya biti 32. Debian 13 haitoi tena keneli ya i386, kwa hiyo kwa hizo rudi kwenye Debian 12: kwenye debootstrap weka `--arch=i386` na bookworm badala ya trixie, na keneli iwe linux-image-686-pae, au linux-image-686 kama prosesa haina PAE (uwezo wa prosesa ya biti 32 kutumia ramu zaidi ya GB 4). Mengine yote yanabaki vilevile.

Ukitaka vitu unavyoandika visipotee ukizima, chukua fleshi ya pili, patisheni yake ipe jina persistence kwa `mkfs.ext4 -L persistence`, ndani yake weka faili liitwalo persistence.conf lenye mstari mmoja `/ union`, halafu kwenye menyu ongeza neno persistence baada ya boot=live. live-boot itaitafuta yenyewe. Kwa ISO ya uokoaji siitumii, nataka kila ikiwaka iwe safi.

Kuongeza mafaili ya kawaida kwenye ISO yako, mfano madereva ya vifaa (drivers) au miongozo, weka folda ndani ya `picha` urudie grub-mkrescue, hakuna haja ya kujenga mfumo upya, na ukiwasha utaikuta chini ya /run/live/medium. Kama ISO ni ya watu, mfano ya Debian uliyokwishadaunlodi, na unataka kuongeza folda bila kuvuruga kubuti kwake:

```
xorriso -indev debian.iso -outdev mpya.iso -map zana /zana -boot_image any replay
```

Hiyo `replay` inasoma jinsi ISO ya zamani ilivyopangiwa kubuti na kuirudia kwenye mpya, hakikisha tu mpya.iso haipo kabla hujaanza, na ukimaliza ipitishe kwenye report_el_torito na QEMU kama tulivyofanya kwa ya kwetu.